Mtaa si Muhuri

Katika miji ya Tanzania hapana karatasi inayotafutwa na watu wengi kama barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Anayetaka kufungua akaunti benki, anayetaka kumdhamini nduguye polisi, anayetaka kitambulisho cha taifa, anayetaka mkopo wa halmashauri, wote huambiwa neno moja: nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa wako. Mwenyekiti humtazama mwombaji, humwuliza anakaa nyumba ya nani na tangu lini, pengine humtuma kwa mjumbe akathibitishwe, kisha hugonga muhuri. Muhuri huo hutoa ushahidi mkubwa, kwamba mtu huyu anajulikana. Benki huukubali, na polisi huukubali. Lakini siku serikali inapotaka kumwinua mchuuzi, fundi au mama ntilie, mtaa uleule uliotoa ushahidi huwekwa kando. Fedha hupangwa juu, majengo huchorwa juu, vitambulisho huchapwa juu. Mtaa huombwa wino tu.

Jambo hilo ni kosa, tena ni kosa la zamani lililovaa nguo mpya. Mti humwagiliwa shinani, na shina la biashara ndogo katika mji ni mtaa. Atakayemwagilia majani ataona yaking'aa kutwa nzima, na kesho yake atayakuta yamenyauka. Wako watu wengi wenye nia njema waliofanya hivyo, na nia yao njema haikuzuia majani yasinyauke.

Asili ya kosa huonekana kwanza katika lugha. Neno linalotawala siku hizi katika hotuba, semina na magazeti ni mjasiriamali. Ni neno changa, lililoundwa kwa kuunga ujasiri na mali ili kutafsiri wazo lililotoka ng'ambo. Hapana ubaya katika kuunda maneno. Lugha isiyounda maneno hufa. Lakini kila neno lina picha ndani yake, na picha iliyomo katika neno hili ni ya mtu mmoja aliyesimama peke yake, moyo wake mkavu, akiiendea mali kama askari aiendeaye ngome. Mtu huyo hana jirani, hana mteja, hana mdai wala mdhamini. Akifaulu, ujasiri wake umemfaa; akishindwa, huambiwa hakuthubutu vya kutosha. Ukumbi wa semina hujaa watu wanaohimizwa kuthubutu, ilhali kila mmoja wao amekwisha kuthubutu tangu alfajiri, alipobeba ndoo ya maandazi kichwani na kuvuka barabara ya magari manne.

Maneno ambayo watu wenyewe wameyazaa kwa kazi zao yana picha nyingine. Mama ntilie hakujipa jina. Alipewa na sauti ya mteja wake anyoshaye sahani na kusema, nitilie. Katika jina hilo wamo watu wawili, mwenye chungu na mwenye njaa. Machinga ni jina lililotokana na watu wa Lindi, kusini mwa nchi, kwa sababu vijana wa huko walionekana wakitembeza bidhaa mabegani. Ndani ya jina hilo kuna mahali mtu alikotoka na wenziwe aliofuatana nao. Mali kauli ni bidhaa ambayo mwenye duka la jumla humpa mchuuzi asubuhi bila fedha wala hati, ili jioni alete bei waliyopatana. Kauli ni ya wawili daima, kwa maana hapana kauli ya mtu asemaye na ukuta. Upatu, ambao wengi huuita mchezo, hauchezwi na mtu mmoja. Hata daftari la madeni katika duka la Mangi, dukani palipo jirani na kila nyumba ya mpangaji, lina majina pande zote mbili za karatasi.

Basi lugha ya watu imekwisha kutoa hukumu yake. Biashara ndogo ni uhusiano kwanza, na ujasiri baadaye. Anayetaka kuisaidia lazima ausaidie uhusiano huo; na kwa kuwa uhusiano hukaa mahali, lazima apasaidie mahali. Mahali hapo ndipo pakaitwa mtaa.

Hebu itazamwe namna mtaji wa mchuuzi unavyozunguka. Mwanamke auzaye chapati hununua unga kwa mkopo wa siku mbili kwa Mangi. Mangi humkopesha kwa kuwa huona kila asubuhi kama moto umewashwa au haukuwashwa. Wateja wake wa asubuhi ni mafundi wa gereji ya jirani, nao hulipa mwisho wa juma, wakati wenye magari wanapowalipa. Fedha ya mchezo humfikia zamu yake, akanunua sufuria kubwa. Akiugua, binti wa nyumba ya pili hushika jiko kwa siku tatu ili wateja wasihame. Hapana benki iliyoandika hata mstari mmoja wa shughuli hiyo, lakini mkopo umetolewa mara nne, dhamana imekubaliwa mara nne, na bima imelipwa mara moja. Mtaa umefanya kazi ya benki na ya shirika la bima kwa wakati mmoja, na gharama yake imekuwa salamu.

Nguvu hiyo huonekana pia pale mafundi wa kazi moja wanapokusanyika. Keko, katika Temeke, imejulikana miaka mingi kwa samani. Anayetaka kochi au kitanda huenda Keko kwa sababu huko yako mengi ya kulinganisha. Na fundi hubaki Keko kwa sababu mpiga randa, mshona vitambaa, muuza sponji na mchukuzi wa mkokoteni wote wako umbali wa kuitana. Fundi yuleyule akihamishiwa ukumbi mzuri peke yake, mikono yake itakwenda naye, lakini nusu ya ufundi wake itabaki Keko.

Mfano wa sanaa ni huohuo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora na kuuza picha zake Oyster Bay mwaka 1968, akafa mwaka 1972. Miaka minne ni michache mno kwa mtu mmoja kujenga biashara ya kudumu. Picha zinazoitwa kwa jina lake zilidumu kwa sababu aliwafundisha jamaa na wanafunzi wake, nao wakafundisha wengine, wakauza pamoja mahali pamoja, mpaka wakasajili chama chao cha ushirika mwaka 1990. Ujasiri ulikuwa wa mmoja. Urithi ukawa wa wengi waliokaa pamoja.

Pamoja na hayo, ni uongo kudai kwamba mtaa umejitosha. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mifuko ya majirani hukauka kwa wakati mmoja. Mvua kubwa ikifurika bonde la Msimbazi, aliyekopa na aliyekopesha wote huamka majini. Maradhi ya mlipuko yakipigiwa mbiu na vyakula vya barabarani vikakatazwa, mama ntilie na muuza mkaa na Mangi hufunga siku moja. Hapo ndipo mkopeshaji wa nje huingia, yule ambaye mkopo wake watu wameubatiza kausha damu. Fedha yake hupatikana kwa saa moja. Marejesho yake hudaiwa kila siku au kila juma. Na siku ya kushindwa, televisheni, kitanda na jiko la gesi hubebwa mbele ya watoto. Jina hilo nalo halikutungwa na kamati. Limetungwa na watu waliokaushwa.

Kwa hiyo fedha ya umma inahitajika katika mtaa, na madai ya kwamba maskini wajitegemee kwa upatu wao peke yake ni maneno ya walioshiba. Swali ni mlango ambao fedha hiyo huingilia. Milango mitatu imejaribiwa katika miaka ya karibuni, na kila mmoja unastahili kuchunguzwa.

Mlango wa kwanza ni kitambulisho. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa bei ya shilingi 20,000, kwa ajili ya wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Aliyekipata aliondokewa na wingi wa ushuru na bughudha za mgambo. Hapana haki kuidharau faida hiyo. Mchuuzi aliyekuwa akikimbia na bidhaa zake alipumzika. Lakini kitambulisho kilimjua mtu, hakikumjua jirani yake wala mahali pake. Kilisema, huyu asisumbuliwe. Hakikusema asimame wapi, nani amwachie njia, wala mtaro upite upande gani wa meza yake. Miaka mitatu haikutimia, amri nyingine ikaja. Septemba na Oktoba 2021 wachuuzi waliondolewa kandokando ya barabara za miji mikubwa na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa, na mwenye kitambulisho akagundua kwamba ana ruhusa ya kufanya biashara lakini hana mahali pa kuifanyia.

Haki hutaka isemwe kwamba barabara zilikuwa zimezibwa, na waenda kwa miguu walikuwa wakipita katikati ya magari. Mji hauwezi kuendeshwa kwa kila mtu kutandika turubai apendapo. Lakini nani aliulizwa juu ya maeneo mapya? Mchuuzi huufuata mguu wa mteja. Mwenye kujua miguu inapita wapi, saa ngapi na kwa nini, ni yeye mwenyewe na majirani zake, na hao hawakuwamo katika chumba ilimochorwa ramani.

Mlango wa pili ni jengo. Katika Ilala, karibu na uwanja wa Karume, halmashauri ya jiji la wakati ule ilijenga Machinga Complex kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, likakamilika mwaka 2010. Ni jengo la ghorofa, imara, lenye maelfu ya vizimba. Vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka, ilhali hatua chache kutoka hapo wachuuzi walibanana katika soko la Mchikichini, ambalo liliungua moto Januari 2022. Wenye mamlaka walinung'unika kwamba machinga ni wabishi. Mtu anunuaye soksi au kitana akitoka kazini hapandi ngazi kwa ajili hiyo. Anayejua hayo haitaji shahada, anahitaji kusimama mlangoni mwa kituo cha daladala kwa jioni moja. Jengo lilijengwa kwa ajili ya wachuuzi bila wachuuzi, likawa na deni kabla ya kuwa na wateja.

Mlango wa tatu ni mkopo, nao ndio mkubwa kuliko yote. Tangu mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inaagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ni ya kusifiwa. Nchi chache zimefunga katika sheria kwamba sehemu ya kumi ya mapato ya mji irudi kwa wanyonge wa mji. Hata hivyo, Aprili 2023 serikali ililazimika kuisimamisha mikopo hiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, na vikundi ambavyo vilipotafutwa havikuonekana. Mikopo ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 kati ya 184 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kwa njia ya benki.

Kikundi hewa ni kitu cha kushangaza sana kikitazamwa kutoka mtaani. Yawezekanaje watu wasiokuwapo wakope fedha, ikiwa kila fomu ina muhuri wa mtaa? Jawabu ni kwamba muhuri uligongwa ofisini, si mkutanoni. Majina hayakusomwa mbele ya watu. Laiti yangalisomwa katika mkutano wa wakazi, mwanamke mmoja wa nyuma angalisimama na kuuliza: kikundi hiki cha ushonaji kinashona wapi, mbona hatujasikia cherehani? Swali hilo moja lingaliokoa fedha nyingi kuliko safari kumi za mkaguzi. Mkaguzi hufika mwaka mmoja baadaye, akiwa na gari na posho, kutafuta nyumba ambayo jirani angalimwambia bure kwamba haipo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, wenye halmashauri 5. Kwa wastani kila halmashauri ina watu zaidi ya milioni moja. Afisa maendeleo ya jamii, hata awe na bidii ya mchwa, hawezi kujua nani kati ya milioni moja ni fundi na nani amevaa aproni kwa ajili ya picha. Benki nayo haitamjua zaidi. Itakachojua ni kama ana hati ya nyumba, na asiye na hati ataambiwa arudi siku nyingine. Serikali imeukimbia upofu wa ofisi moja ikakimbilia upofu wa ofisi nyingine, na mwenye macho ameachwa amekaa barazani.

Kwa nini mtaa haukupewa zaidi ya muhuri? Sehemu ya jawabu imo katika sheria. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 iliipa halmashauri ya kijiji nafsi ya kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo, iliyohusu miji, haikuupa mtaa nafsi hiyo. Kijiji chenye nyumba mia nne kina uwezo wa kumiliki ghala na mashine ya kusaga. Mtaa wa Manzese wenye watu maelfu hauna uwezo wa kumiliki toroli. Mwenyekiti wake huchaguliwa kwa kura kila miaka mitano, hufokewa na wananchi kwa kila mtaro ulioziba, na hana mfuko wa kununulia koleo.

Sehemu nyingine ya jawabu imo katika historia. Mwaka 1972 serikali ilianza kuzivunja serikali za mitaa kwa hoja kwamba watumishi wa serikali kuu wangeleta maendeleo kwa kasi zaidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafuata. Vyombo hivyo vilikuwa na kasoro nyingi na wezi si wachache, lakini vilikuwa vya watu. Vilipoondoka, wezi hawakuondoka, walibadili ofisi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Kiongozi aliyekuwa na mamlaka makubwa kuliko wote aliona kwamba haki ya watu kusimamia mambo yao ikiondolewa kwa sababu ya kasoro, kasoro hubaki na haki hutoweka. Wanaosema leo kwamba mtaa haufai kushika fedha kwa sababu una kasoro wanairudia hoja ya mwaka 1972 neno kwa neno, bila ya kukiri kwa mwaka 1984.

Na mtaa unaweza. Hana Nassif, katika Kinondoni, ni mtaa uliojengwa bila mpango kandokando ya bonde, na kwa miaka mingi mvua iliuingilia majumbani. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na chama hicho kikapewa mkataba wa kazi. Mitaro na njia zilijengwa kwa mikono ya wakazi wenyewe, wanaume na wanawake, nao wakalipwa ujira. Faida ikawa mbili. Maji yalipata pa kupita. Na ujira ambao kwa desturi ungalichukuliwa na mkandarasi wa mbali ulitumika katika magenge, vioski na vibanda vya mtaa. Shilingi iliyolipwa asubuhi kwa mchimba mtaro ilinunua wali mchana kwa mama ntilie, na jioni ikawa mchango wa mchezo. Huko ndiko kumwagilia shina.

Mfano wa pili ni VICOBA. Chimbuko lake ni vikundi vya wanawake wa Niger, vilivyoanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Mbegu hiyo ikaletwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaota kila mahali kwa kuwa udongo wa upatu ulikwisha kulimwa. Wanachama hununua hisa, hukopeshana kutokana na hisa hizo, na huweka kando mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na maradhi. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Waliobuni sanduku hilo hawakudhani kwamba binadamu ni malaika. Walijua kwamba fedha hutamanisha, nao wakaipanga shaka ya kila mtu iwe ulinzi wa wote.

Pingamizi ziko, na mwenye hoja ya kweli hazikimbii. Inasemwa kwamba mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa chama cha siasa, atawapa watu wa chama chake na shemeji zake. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini upendeleo wa mtaani una aibu ambayo upendeleo wa ofisini hauna: shemeji hupita na pikipiki mpya mbele ya macho ya walionyimwa. Dawa yake ni ileile ya kufuli tatu. Orodha ya waombaji isomwe mkutanoni. Orodha ya waliopata ibandikwe ukutani pamoja na kiasi. Na orodha ya waliolipa ibandikwe kando yake. Mwenyekiti asiwe na ufunguo zaidi ya mmoja.

Inasemwa tena kwamba mitaa si sawa, na ya Masaki itazidi kuneemeka huku ya Tandale ikizidi kudidimia. Hoja hiyo ingalikuwa na nguvu kama mtaa ungaliambiwa ule ulichonacho tu. Asilimia 10 ni ya halmashauri nzima. Halmashauri na iigawe kwa kipimo cha uhitaji, kisha mtaa uchague nani na nini. Kugawanya kati ya mitaa ni kazi ya aliye juu, kwa maana yeye huiona yote. Kuchagua ndani ya mtaa ni kazi ya aliye ndani, kwa maana yeye humwona kila mmoja.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Mchuuzi wa leo hulala Mbagala na kuuza Kariakoo. Wapangaji huhama kila mwaka. Mji si kijiji, na wengi hawajui jina la aishiye ng'ambo ya ukuta. Ni kweli. Lakini wafanyabiashara ndio watu wanaojulikana kuliko wote katika mji. Msomi aweza kuishi miaka kumi katika nyumba asijulikane. Muuza mihogo hujulikana juma la kwanza, na asipotokea siku mbili huulizwa. Kuhusu yule mwenye mitaa miwili, kila mtaa na ufanye kazi yake: mtaa anaolala umshuhudie nafsi yake na marejesho yake, mtaa anaouza umpangie mahali, kwa mapatano na wenye maduka na wapita njia.

Yanayotakiwa basi si mengi, na hayahitaji wafadhili wapya. Kwanza, sheria iupe mtaa wa mji nafsi ileile iliyopewa kijiji mwaka 1982, uweze kumiliki na kuingia mikataba. Pili, hapana mkopo wa asilimia 10 utolewe kwa kikundi ambacho jina lake halikusomwa katika mkutano wa wakazi. Tatu, sheria ya ununuzi wa umma imekwisha kuagiza taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu. Sehemu ya agizo hilo ishushwe mpaka mtaani, ili madawati ya shule yatengenezwe na maseremala wa jirani, sare zishonwe na mafundi cherehani wa jirani, na mtaro uchimbwe na vijana ambao nyumba zao zitafurika usipochimbwa. Mkopo humpa fundi deni. Zabuni humpa kazi. Nne, mahali pa biashara papangwe kwa mkutano wa wauzaji, wenye nyumba na wapita njia kabla ya mgambo kutumwa, na mapatano yao yaandikwe na kuheshimiwa. Tano, vikundi vya akiba, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka visajiliwe, visajiliwe kwa wepesi na bila gharama ya kuvikimbiza. Usajili usiwe mtego wa kutafutia ada. Uwe ngao ya kuwakinga wanachama na mwizi, na kausha damu akose soko.

Lawama ya mwisho huwaangukia wenye elimu. Vyuo vikuu vimefungua masomo ya ujasiriamali, na wanafunzi hukariri nadharia za mitaji zilizotungwa katika miji yenye baridi. Wachache mno kati yao wameandika namna mali kauli inavyopatanwa, nani huwa mdhamini wake, na nini hutokea kauli inapovunjwa. Ni sheria kamili ya mikataba, inayotumika kila siku Kariakoo kwa Kiswahili fasaha, na haina kitabu. Mwanachuoni hula kwa mama ntilie aliye nje ya lango la chuo, hulipa, kisha huingia darasani kusoma jinsi watu wa mbali wanavyofanya biashara. Kama taaluma ya Kiswahili ina deni kwa taifa, hili ni moja: kuyachukua maneno hayo kwa uzito unaostahili, kwa kuwa ndani yake umelala ujuzi ambao ofisi zimeutafuta kwa gharama kubwa na kuukosa.

Mchuuzi hakuomba aitwe shujaa. Aliomba pa kuweka meza, mkopo usiomkausha damu, na mtaro usiomrudishia maji machafu miguuni pa wateja. Mambo hayo matatu hujulikana vema na mtaa wake, na mtaa umekwisha kumshuhudia kwa muhuri. Anayeuamini ushahidi wake na auamini pia ushauri wake, na siku ya fedha kugawanywa aupe ufunguo mmoja wa sanduku.